Usiku wa Berlin: mwongozo kamili kwa msafiri shoga au msagaji, kuanzia viza hadi kurudi nyumbani

Anayekwenda Berlin kwa mara ya kwanza huharibu usiku wake kwa mambo mawili: anatoka mapema mno, na anataka kumaliza mitaa mitatu kwa usiku mmoja. Mji huu hauna saa ya kufunga baa. Upande wa magharibi ulifuta amri hiyo mwaka 1949, na hadi leo kuna vilabu vinavyofungua Jumamosi usiku na kufunga Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo shika kanuni moja tu: usiku mmoja, mtaa mmoja. Kwa msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Muscat kuna kazi nyingine inayotangulia hata tiketi ya ndege, nayo ni kuhakikisha safari haikufuati vibaya ukirudi. Tutaanzia huko.

Tarehe

Kilele ni Julai. Tamasha la mtaani kuzunguka Nollendorfplatz, katika mtaa wa Schöneberg, hufanyika kwa kawaida wikiendi moja kabla ya maandamano makubwa ya CSD (Christopher Street Day, siku ya fahari ya mashoga na wasagaji), ambayo huangukia Jumamosi ya mwishoni mwa mwezi. CSD ya kwanza ya Berlin ilifanyika 1979; siku hizi huvuta mamia ya maelfu ya watu. Jioni inayotangulia, wanawake huwa na maandamano yao, Dyke* March. Septemba kuna Folsom Europe, sherehe ya wapenda mavazi ya ngozi. Katika wikiendi hizi vyumba vya Schöneberg huisha miezi kadhaa kabla na bei hupanda sana.

Kama hutaki kuonekana, fahamu kwamba CSD hupigwa picha na televisheni na maelfu ya simu kutoka kila upande, na magari ya muziki ndiyo yanayolengwa zaidi. Simama pembeni, kwenye njia ya waendao kwa miguu, vaa kofia na miwani ya jua, na usipande gari lolote. Anayetaka mji wenye nafasi aende Mei, Juni mwanzoni au Oktoba. Januari na Februari vilabu ni vizuri sana, lakini foleni iko nje na baridi iko chini ya sifuri.

Viza na makaratasi

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni euro 90. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi huchukua siku 15 na unaweza kufika 45, basi peleka miezi miwili au mitatu mapema. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen. Viza ya kutembelea hutoa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na tangu Oktoba 2025 mipakani kumeanza kutumika mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso. Siku zako sasa zinahesabiwa na kompyuta.

Fomu huuliza hali ya ndoa. Haiulizi unampenda nani, na huna wajibu wa kueleza. Lengo la safari ni utalii, na hilo ni kweli. Hatari huwa kwa wakala wa usafiri wa nyumbani anayeshika makaratasi yako: akiona hoteli inayojulikana kuwa ya mashoga, habari inaweza kufika kwa watu wako kabla yako. Ukipeleka maombi kupitia wakala, weka nafasi kwenye hoteli ya kawaida. Hoteli za Berlin haziulizi kwa nini wanaume wawili wanataka kitanda kimoja. Kumbuka pia kodi ya mji, asilimia 7.5 ya bei ya chumba.

Ukialikwa na mwenyeji atakayebeba gharama, akatoe *Verpflichtungserklärung*, yaani ahadi rasmi ya kukugharamia, kwa euro 29. Barua ya mwaliko aliyoiandika mwenyewe haina uzito huo. Makosa yanayonyima watu viza mara nyingi ni taarifa ya benki yenye fedha zilizoingizwa ghafla wiki moja kabla, na kukosa ushahidi wa kazi, biashara au familia inayokusubiri nyumbani.

Simu kabla ya uwanja wa ndege

Nchini Kenya vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya jinai, vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, bado vipo. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Tanzania adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Uganda ina sheria ya 2023 yenye hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Oman na Falme za Kiarabu, ambako wengi wetu tunafanya kazi au kubadilisha ndege, nako ni kosa. Wanaokupeleka matatizoni kwa kawaida ni picha na ujumbe.

Kwa hiyo, wiki moja kabla, fungua barua pepe mpya kwa ajili ya safari hii na uiunganishe na programu za kutafuta wapenzi. Usitumie namba yako ya kila siku. Zima ruhusa ya programu kusoma orodha ya namba zako, kwa sababu mitandao ya kijamii hutumia orodha hiyo kumpendekezea shangazi yako akaunti yako mpya. Zima upakiaji wa picha wa moja kwa moja kwenye hifadhi ya mtandaoni mnayotumia pamoja nyumbani. Kwenye WhatsApp zima kuhifadhi picha kwenye galari. Kwenye Instagram na Facebook weka mpangilio wa kuidhinisha kila mtu anapokutaja. Nunua eSIM kabla ya kuondoka, maana laini ya Ujerumani ya malipo ya kabla hudai uhakiki wa pasipoti, na uhakiki huo hukwama mara nyingi kwa pasipoti za Afrika.

Kufika na kuzunguka

Uwanja wa ndege wa BER uko kanda C ya nauli, mji wenyewe ni A na B. Kosa la kwanza la mgeni ni kununua tiketi ya AB. Nunua ABC, karibu euro 5 kwa safari moja, na uigonge kwenye mashine ndogo ya jukwaani kabla ya kupanda. Tiketi ya karatasi isiyogongwa ni sawa na kukosa tiketi, na faini ni euro 60. Wakaguzi huvaa nguo za kiraia na hawasikilizi maelezo. Treni ya FEX hufika kituo kikuu, Hauptbahnhof, kwa nusu saa au chini. Treni ya S9 inafaa zaidi kwa anayekaa Friedrichshain, inasimama Warschauer Straße. Programu ya BVG, shirika la usafiri la mji, inakuonyesha njia na kuuza tiketi.

Usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni za U-Bahn (za chini ya ardhi, zenye herufi U) na S-Bahn (za mji na vitongoji, zenye herufi S) hukesha. Siku nyingine U-Bahn husimama kati ya saa 7 na saa 10 alfajiri hivi, na mabasi ya usiku yenye herufi N hushika njia zake: N1 badala ya U1, N2 badala ya U2, na kadhalika.

Maduka hufungwa Jumapili. Nunua maji, matunda na mkate Jumamosi mchana, la sivyo utategemea vibanda vinavyoitwa *Späti*. Chukua taslimu, euro 100 hivi kwa usiku wa klabu, kutoka mashine ya benki halisi. Mashine ikikuuliza kama ukatwe kwa shilingi, kataa na uchague euro; kiwango chao cha kubadilisha ni cha kunyonya. Baa nyingi za zamani bado hazipokei kadi.

Mtaa kwa mtaa

Schöneberg ndipo pa kuanzia, hasa kama umri umesogea au huna uzoefu wa vilabu. Shuka Nollendorfplatz, zinapokutana U1, U2, U3 na U4. Kuba la kituo huwashwa taa za upinde wa mvua. Tembea Motzstraße na Fuggerstraße. Hafen na Tom's Bar zimepakana Motzstraße: ya kwanza ni ya kuzungumza na kucheka, ya pili ina giza zaidi na wanaume wanaojua walichokuja kutafuta. Prinzknecht, Fuggerstraße, inafaa kwa anayefika peke yake, kwa sababu ni kubwa, watu husimama hata nje, na kuanza mazungumzo ni rahisi. Fika saa 4 usiku kwa baa hizi. Kabla ya hapo utakuwa na mhudumu tu.

Kreuzberg ni mchanganyiko, na kwa Mwafrika mara nyingi ndipo panapostarehesha. Shuka Kottbusser Tor. Möbel Olfe, iliyojificha nyuma ya majengo makubwa ya ghorofa, hujaa hadi watu kumwagika nje. Südblock iko jirani na ni mahali pa kula mchana na kucheza usiku. Roses, Oranienstraße, ni kibaa kidogo chenye kuta za manyoya ya waridi, na huchangamka baada ya saa 8 usiku. Kwenye ukumbi wa SO36, mtaa huohuo, kuna Gayhane, dansi ya muda mrefu ya mashoga na wasagaji yenye muziki wa Kituruki na Kiarabu. Si ya kila wiki, basi tazama ratiba. Anayetoka Mombasa au Muscat atasikia midundo ya karibu na nyumbani.

Neukölln ni ya vijana. Silver Future, Weserstraße, inapokea kila jinsia na haina presha ya mavazi. Kwa wanawake, Begine ya Potsdamer Straße ni mkahawa na ukumbi wa wanawake wenye jioni za utamaduni. Ukweli ni kwamba baa za wasagaji pekee ni chache kuliko za wanaume, na wengi hukutana kwenye dansi zinazohama ukumbi.

Miongozo ya zamani itakutuma SchwuZ, klabu iliyoanzishwa 1977. Ilifungwa 2025. Hakiki kila ukumbi siku hiyohiyo kwenye ukurasa wake, maana kodi za nyumba zinaua vilabu vya Berlin kwa kasi ya kusikitisha.

Mlango wa klabu

Friedrichshain kuna Berghain, ndani ya kituo cha zamani cha umeme, iliyofunguliwa 2004. Ilitoka kwenye dansi za wanaume mashoga, na bado ni nyumba yao, ingawa foleni imejaa watalii. Lab.oratory, katika jengo hilohilo, ni ya wanaume tu, ina siku zenye masharti ya mavazi, na mlango wake wa kuingilia hufungwa mapema. Soma masharti ya usiku husika kabla ya kwenda.

Baunsa wa Berlin haangalii bei ya nguo zako. Anaangalia kama unajua umekuja wapi na kama utawaacha wengine kwa amani. Nenda mmoja au wawili. Kundi la watano hurudishwa. Usiwe umelewa. Usipige picha foleni, usipige kelele, weka simu mfukoni unapokaribia. Jua jina la dansi au la dijei mmoja wa usiku huo. Ukiulizwa mko wangapi, jibu kwa kifupi kwa Kijerumani au Kiingereza. Shati la harusini na viatu vya kung'aa, vinavyokubalika kabisa Nairobi, hapa humfanya baunsa asite; vaa kitu cheusi au chepesi unachoweza kuchezea kwa saa sita.

Saa nzuri za Berghain kwa mgeni si Jumamosi usiku wa manane, foleni inapokuwa ndefu kupita zote. Jaribu Jumapili mchana: foleni ni fupi, wenyeji ndio wanaingia, na muziki uko katika hali yake bora. Kiingilio cha vilabu vikubwa ni kati ya euro 15 na 30. Ukikataliwa, usibishane. Sema asante, ondoka, nenda kwenye ukumbi wa pili uliokwisha kuuchagua. Usitoke nyumbani bila ukumbi wa pili.

Beba pasipoti halisi kwenye mfuko wa ndani wenye zipu, maana nakala hukataliwa mara nyingi na umri wa kuingia ni miaka 18. Kuna sababu nyingine pia. Polisi wa Berlin wana maeneo maalumu ambako wanaruhusiwa kukagua vitambulisho bila kukushuku kosa lolote, Kottbusser Tor na Görlitzer Park yakiwemo, na watu weusi husimamishwa zaidi. Toa pasipoti taratibu, jibu kwa utulivu. Ukiona umekataliwa mlangoni kwa rangi yako, andika saa, mahali na majina ya mashahidi usiku huohuo: sheria ya Ujerumani ya kupinga ubaguzi hutoa miezi miwili tu ya kudai haki. GLADT, jumuiya ya watu weusi na wahamiaji wa jinsia na mapenzi mbalimbali, itakusikiliza.

Ndani

Kamera ya simu hubandikwa stika mlangoni. Usiibandue, hata chooni; ukikamatwa unapiga picha unatolewa nje bila onyo. Kwa msafiri wetu sheria hii ni zawadi, kwa sababu ndiyo inayokufanya ucheze bila kuogopa kuonekana mtandaoni.

Koti hupelekwa chumba cha makoti kwa euro 2 hivi. Ficha namba yako vizuri. Ukilipa kinywaji, taja jumla unayotaka kutoa pamoja na bakshishi, asilimia 5 hadi 10, kabla ya kupewa chenji. Chupa na glasi huwa na amana inayorudishwa ukizirejesha.

Baa nyingi za wanaume zina chumba cha giza nyuma. Kuingia humo si kukubali chochote. Ukiguswa na hutaki, ondoa mkono wa mtu mara moja. Hiyo ni lugha inayoeleweka na haimuudhi mtu. Asipoelewa, mwambie mhudumu wa baa. Wizi wa simu na pochi ndio tatizo kubwa la vyumba hivi: acha kila kitu kwenye chumba cha makoti, ingia na noti moja.

Dawa za kulevya zipo na zinaonekana waziwazi, lakini wauzaji wa bustanini ni wahalifu kisheria na mnunuzi naye yumo. Bangi iliruhusiwa kwa watu wazima kuanzia 1 Aprili 2024, ila mtalii hana njia halali ya kuinunua, maana vyama vya wakulima wake hupokea wakazi tu. Jihadhari kuliko vyote na kimiminika kiitwacho G. Kikichanganywa na pombe kinaweza kusimamisha pumzi, na tofauti kati ya kiasi cha kulewesha na cha kuua ni mililita chache. Mtu akilala na haamki, mlaze ubavu, usimwache, piga 112 na useme alichotumia. Daktari wa Ujerumani amefungwa na sheria ya siri.

Afya

PrEP (dawa ya kujikinga na VVU kabla ya tendo) na dawa za VVU zisafiri kwenye begi la mkononi, ndani ya chupa zake, pamoja na barua ya daktari. Kondomu hutolewa bure katika baa nyingi. Ikitokea hatari, PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya tendo) huanza haraka iwezekanavyo na si baada ya saa 72. Nenda chumba cha dharura cha hospitali, *Rettungsstelle*, hata kama ni Jumapili saa 12 asubuhi, na useme "PEP" moja kwa moja. Checkpoint BLN karibu na Hermannplatz na Mann-O-Meter, Bülowstraße 106, hupima na kushauri bila kuhukumu.

Mambo yakiharibika

Polisi ni 110. Polisi wa Berlin wana maofisa maalumu wa mashoga na wasagaji, unaweza kuomba kuzungumza nao. Maneo, pia Bülowstraße 106, imekuwa ikiwasaidia wanaume walioshambuliwa tangu 1990. Lesbenberatung huwahudumia wanawake. Pasipoti ikipotea, kwanza karatasi ya polisi, kisha ubalozi wako; pale ubalozini sema "imepotea mjini" na yatosha.

Anayeogopa kwa dhati kurudi nyumbani azungumze na mshauri kabla viza haijaisha, si baada. Schwulenberatung Berlin ina huduma ya wakimbizi wa aina hii na makazi yao.

Mchana mmoja wa kumbukumbu

Usiku wa hapa una deni, na deni hilo linastahili siku nzima ya mapumziko kati ya dansi mbili. Magnus Hirschfeld alianzisha hapa 1897 kamati ya kwanza ya kudai haki za mashoga, na 1919 taasisi ya elimu ya jinsia. Wanazi waliivamia tarehe 6 Mei 1933, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa kwenye uwanja unaoitwa leo Bebelplatz. Wanaume wapatao 50,000 walihukumiwa chini ya kifungu cha 175, kilichoharamisha mapenzi kati ya wanaume, wakati wa utawala huo. Kifungu kilifutwa kabisa 1994 tu. Anza na kibao cha pembetatu ya waridi, alama waliyovalishwa mashoga kambini, kwenye ukuta wa kituo cha Nollendorfplatz, cha 1989. Kisha bustani ya Tiergarten, kwenye mnara wa kumbukumbu ya mashoga walioteswa na Wanazi, bonge la zege lenye dirisha la filamu, lililozinduliwa 2008. Malizia Schwules Museum, Lützowstraße 73.

Mswahili ana kituo kingine. Brunnenstraße 193, Mitte, kuna jiwe dogo la kumbukumbu la shaba ardhini lenye jina la Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904, akafundisha Kiswahili Berlin, akakamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, akafa kambi ya Sachsenhausen 1944. Kambi hiyohiyo iliwafunga wanaume wenye pembetatu ya waridi. Hufikika kwa S1 hadi Oranienburg, kwa tiketi ya ABC.

Siku ya kuondoka

Ondoa programu, usizifiche tu. Futa picha na pia kikapu cha zilizofutwa. Sugua mihuri ya vilabu mkononi kwa sabuni na mafuta ya kupaka, maana wino wake hukaa siku mbili. Toa mifukoni stika, kadi za wanachama, kondomu zenye nembo ya baa na tiketi. Poppers zisivuke mpaka. Ni kimiminika kinachowaka na kitakamatwa. Nguo za ngozi zitume kwa rafiki wa Ulaya au ziache.

Kipimo cha VVU cha maabara hutoa jibu la uhakika wiki 6 baada ya tukio, kipimo cha haraka wiki 12. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu kwa jina la kawaida, na uchague kliniki isiyo ya mtaani kwenu.